Rangi, Mistari na Damu ya Watu wa Issuna

Nasikia siku hizi kromosomu zinajipanga zenyewe. Mpwa wangu aliyemaliza chuo juzi alikuja hapa kwangu Mandewa na kompyuta yake ya kupakata, akanionyesha. Unabonyeza, mashine inapiga picha, inazitenganisha, inazipanga mbili mbili kuanzia kubwa hadi ndogo, na wewe unaendelea kunywa soda. Nikamwambia hongera sana. Sisi tulikuwa tunazikata picha kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Kipande kimoja kikidondoka sakafuni, maabara nzima inapiga magoti kana kwamba padri amepita.

Akaniambia wenzake wangependa niwaandikie siri za kazi. Vijana, siri yenyewe ni upepo. Nitaeleza.

Lakini kwanza, kwa aliyeingia humu kwa bahati mbaya akitafuta bei ya alizeti: kromosomu ni vijiti vidogo vilivyomo ndani ya chembe za mwili, vimebeba urithi wako wote, pua ya baba na hasira za bibi. Binadamu ana arobaini na sita, nusu kapewa na mama, nusu na baba. Ukivipaka rangi vivi hivi vinatoka vyeusi vyote, kama njiti za kiberiti zilizoungua. Kuvihesabu utavihesabu. Kusema huyu ni nani, na hapa ni sehemu gani ya mwili wake, hutaweza. Ndiyo maana watu wenye subira walibuni namna za kupaka zinazotoa mistari, ya giza na ya mwanga, na kila jozi ina mistari yake. Ni kama soksi za wanafunzi wa bweni. Ukishazizoea, hata zikichanganywa kwenye beseni moja unajua hizi za fulani na hizi za fulani.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, katika hospitali moja ya misheni mkoani kwetu hapa. Chumba chetu kilikuwa stoo ya mablanketi kabla hatujakipata, na mpaka naondoka kilikuwa bado kinanuka mablanketi. Mkuu wangu alikuwa Dokta Felista. Alisomea mambo ya urithi ng'ambo, akamaliza, akarudi Singida kwa hiari yake mwenyewe. Watu wengi waliona hiyo ni dalili ya ugonjwa, wakamwonea huruma.

Sasa upepo. Vitabu vya kazi yetu viliandikwa na watu wa nchi za mvua. Vinasema: chukua damu, ilishe, itie dawa inayotokana na maharagwe mekundu. Ndiyo, maharagwe, msicheke, chembe nyeupe zikiyaonja zinaamka na kuanza kugawanyika. Iache kwenye kabati la joto siku chache, isimamishe kwa dawa nyingine, zivimbishe chembe kwa maji ya chumvi hafifu, zigandishe kwa spiriti na asidi, kisha dondosha tone kwenye slaidi, nalo litatandaa taratibu na kromosomu zitajitawanya vizuri. Litatandaa taratibu wapi? Singida hii, mwezi wa nane na upepo wake mkavu, tone linakauka kabla halijajua limefika. Unatazama kwenye hadubini unakuta kromosomu zimerundikana kama wageni wa harusi sinia la wali likiletwa. Tulihangaika majuma mengi, tukibadili kila kitu walichosema vitabu. Mwisho Dokta Felista akaleta birika kutoka nyumbani kwake, akachemsha maji, akapitisha slaidi juu ya mvuke kabla ya kudondosha. Zikatawanyika. Ofisi ya ugavi ikatuandikia kuuliza kwa nini maabara inapika chai saa za kazi.

Ofisi hiyo hiyo ndiyo iliyotunyima mafuta ya hadubini. Mnajua lenzi kubwa haioni vizuri bila tone la mafuta maalumu juu ya slaidi. Tuliomba, tukajibiwa kwa mshangao wa kweli: mkoa wa alizeti huu, mnaagiza mafuta kutoka nje? Wakatuletea dumu. Mwenzangu Hamisi alijaribu, maana alikuwa mtu wa kutii. Alisema kromosomu zilionekana kwa mbali, na alisikia njaa.

Kisha kuna tripsini. Hiki ni kimeng'enya, kinalainisha protini za kromosomu kabla ya kupaka rangi ya Gimsa, na bila hicho mistari haitoki. Ukiiacha slaidi humo kidogo mno, kromosomu zinatoka nyeusi tii. Ukiiacha zaidi, zinavimba na kupauka kama mkate uliodondokea kwenye chai. Ni suala la sekunde, na saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu enzi za mablanketi. Mimi nilihesabu kwa Salamu Maria: moja na nusu kwa slaidi mpya, mbili kwa iliyokaa. Hamisi alitumia Kul-huwallahu. Matokeo yalikuwa sawa kabisa, na hilo nimewahi kulisema mbele ya padri na mbele ya shehe, hakuna aliyefurahi.

Zilikuwepo rangi nyingine pia. Kuna njia ya kutumia madini ya bariamu, ambayo inaacha mwili wote mweupe na kupaka kiuno peke yake, pale kromosomu inapobanwa katikati. Nzuri sana ukitaka kujua kiuno kiko wapi. Kuna ya fedha, inayopaka vichwa vidogo vya kromosomu chache na vidole vyote vya mpakaji. Nilikwenda kumposea kaka yangu mke nikiwa na vidole vyeusi. Upande wa pili wakanong'ona kwamba dada wa bwana harusi amepaka piko mwenyewe, na hajui. Na siku hizi mna ile mnayoiita fishi, kipande kimoja tu kinawaka kijani au chekundu gizani, kama taa ya pikipiki. Nimeiona. Inapendeza. Inakuonyesha ulichouliza, na usichouliza inanyamaza. Mistari ya Gimsa ilikuwa na umbea zaidi, ilikuambia hata ambayo hukumtuma mtu kuyatafuta.

Hapo ndipo ninapofikia Sauda na Ramadhani. Majina yao nimeyabadilisha. Kromosomu zao nimeziacha zilivyokuwa.

Walitoka Issuna, mke na mume, bado vijana. Sauda alikuwa ameshika mimba mara kadhaa na zote zilitoka mapema. Daktari wa wodi ya kina mama akaandika apimwe damu Sauda. Sauda peke yake. Ni akili, kwani mimba inakaa kwa nani?

Alikuja na mama mkwe wake, Bi Mwajuma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Sauda aliketi, mkwe akasimama mlangoni kama askari aliyeleta mahabusu.

"Shikamoo mama," nikamsalimu.

"Marahaba, binti. Mpimeni vizuri huyu. Kama hafai, tujue. Kuna msichana Ikungi tumeshazungumza na wazazi wake."

Alisema hivyo Sauda akiwa pale pale, mkono ameunyoosha, mimi ninafunga mpira nitafute mshipa. Sauda hakuinua macho. Alikuwa na mshipa mzuri, na nikakumbuka kumwambia hivyo, kwa sababu niliona hakuna mwingine ambaye angemwambia ana kitu kizuri siku ile.

Dokta Felista alisikia kutoka ndani. Akatoka akifuta mikono. "Shikamoo mama. Mume yuko wapi?"

"Yuko nje analinda baiskeli."

"Naye aingie."

"Mgonjwa ni huyu, daktari."

"Nimeelewa. Nami namtaka yule mzima."

Ramadhani akaingia. Kifua kipana, mtu wa kubeba gunia begani na kupiga mluzi. "Mimi sina tatizo lolote, dada," akaniambia.

"Hongera. Kunja mkono wa shati."

Alipoiona sindano akaomba kukaa. Tulipomaliza akaomba kulala kidogo.

Damu zikalishwa maharagwe, zikaamka, tukazidondosha juu ya mvuke. Za Sauda zilitoa mistari safi na kila kitu kilikuwa mahali pake. Za Ramadhani nilizipaka kwanza rangi ya kawaida, isiyo na mistari, nikahesabu chembe moja baada ya nyingine. Arobaini na sita. Arobaini na sita. Nikamwambia Dokta kwamba wote wapo.

"Wapo," akasema. "Kila mmoja yuko nyumbani kwake?"

Hilo ndilo nililotaka kuwaachia, ninyi wenye mashine. Kuhesabu watu waliolala ndani ya nyumba hakukuambii nani amelala kitanda cha nani.

Slaidi za mistari za mwanzo zilivimba kwenye tripsini, tukazitupa. Siku iliyofuata kulikuwa na unyevu kidogo, zikatoka nzuri, na nikaziona. Kromosomu ya tano ilikuwa imevaa ncha ya kumi na moja. Ya kumi na moja imevaa ncha ya tano. Vipande vilivyobadilishana vilikuwa karibu sawa kwa urefu, ndiyo maana bila mistari usingeona lolote, vijiti viwili vyeusi visivyo na hatia. Nikatafuta chembe nyingine, ni vile vile. Na nyingine. Nikamwita Dokta Felista, akainama kwenye hadubini muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na walishamtafutia mke wa pili."

Wakaitwa, wakaja wote watatu. Dokta hakuwapa hotuba. Aliweka mezani picha tulizozikata, akaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Ramadhani, hiki kipande ni cha huyu, kimekaa kwa mwenzake. Cha mwenzake kimekaa kwake. Wewe una vyote, hukukosa kitu, ndiyo maana una nguvu zako. Ila mtoto anachukua nusu tu ya vyako. Akimchukua huyu akamwacha yule, kuna kitu amekosa na kingine kimezidi. Mimba ya namna hiyo mara nyingi haikai."

"Kwa hiyo mimi ndiye mbovu?"

"Hakuna mbovu hapa. Kuna vilivyohama."

Ndipo Sauda akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake vizuri. "Na yule wa Ikungi?"

"Naye zingemtoka," Dokta akajibu. "Si zote. Zipo zitakazoshika, kwake au kwako, ni sawa sawa. Mnahitaji subira."

Ramadhani akaweka uso kwenye viganja. Sauda akageuka, akamtazama mkwe wake. Alimtazama kwa utulivu, kama mtu anayesoma.

Na mimi, msinione malaika, nilijisogeza nipate nafasi nzuri ya kuona Bi Mwajuma anavyoumbuka. Sauti ile ya kuitia ng'ombe nilitaka kuiona inakwama. Ikakwama kweli. Alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu.

"Hicho kipande," akauliza, "alikitoa wapi?"

"Mara nyingi kinatoka kwa mzazi. Baba au mama."

"Baba yake alishakufa."

Halafu akaanza kusema akiitazama picha, si sisi. "Mimi kabla ya huyu zilinitoka. Sikumbuki ngapi. Nilikuwa nazizika nyuma ya zizi, maana hazikuwa hata za kufanyiwa msiba. Marehemu akaoa mke mwingine, Tatu, mtu wa Kintinku. Naye zikamtoka. Akasema ninamroga. Nikasema yeye ndiye ananiroga. Tulikwenda kwa waganga mpaka mbuzi wakaisha. Mwisho wakamrudisha kwao. Huko akaolewa na mtu wa reli, akazaa watoto, wengi, wazima. Nikawaambia watu, si mnaona? Ameondoka na watoto wangu."

Akaikunja kanga begani, akaunyoosha mkono juu ya meza. "Nitoe na mimi, binti."

Sijawahi kuandaa slaidi kwa uangalifu kama zile. Ile hamu ya kumwona anaumbuka iliniisha pale pale, na kazini nilijikuta nikihesabu Salamu Maria kwa kuomba kweli, ingawa sikujua naomba nini. Ikiwa kipande kile kilitoka kwake, angejua alimpa mwanawe. Ikiwa hakikutoka kwake, angejua miaka yote alitukanwa bure. Hakuna jibu lililokuwa na asali ndani yake.

Hakikutoka kwake. Tano yake ilikuwa tano, kumi na moja ilikuwa kumi na moja. Alipokuja, Dokta Felista alikuwa wodini, nikamwambia mimi, pale kwenye benchi la ukumbini.

"Za kawaida, mama. Kila kitu kipo mahali pake."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akatikisa kichwa polepole, midomo ikirudia maneno. Watu walipita na makadi yao, na yeye hakuwaona. Baadaye akasema, "Kumbe Tatu alizaa kwa sababu aliondoka."

Nisiwaache na wasiwasi kuhusu wadogo. Msichana wa Ikungi alielezwa kwamba mambo yamebadilika, akaolewa na dereva wa lori, na nasikia alishukuru. Sauda alipoteza mimba nyingine baada ya hapo, na Ramadhani alilala hospitalini kumngoja, nje kwenye mkeka, jambo ambalo Issuna walilijadili kwa muda. Kisha wakapata binti. Yuko sekondari sasa. Anachukia bayolojia.

Lakini juma lile lile la majibu Bi Mwajuma alirudi maabara, akaniambia nimsindikize Kintinku. Nikamwambia mimi ni mtu wa slaidi, si msuluhishi. Akasema, "Mimi nikienda peke yangu atasema nimeleta uchawi mpya. Wewe una koti jeupe." Nikamwomba Dokta Felista ruhusa nikitumaini atakataa. Akanipa na nauli.

Basi letu lilipita Manyoni, likatushusha barabarani, tukaulizia. Bi Tatu tulimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anapukuchua karanga, mwanamke mdogo mkavu mwenye macho makali. Alimtambua mwenzake kabla hatujabisha hodi. Hakuinuka.

"Mwajuma. Umekuja kumalizia kazi?"

"Nimekuja na daktari."

"Mimi si daktari," nikasema, na hakuna aliyenisikiliza.

Nikatoa picha, nikaeleza. Nilieleza vibaya, ninyi mngefanya vizuri zaidi na kompyuta zenu. Niliruka mambo, nikarudi nyuma, na mbuzi akataka kula kromosomu ya kumi na moja. Bi Tatu alisikiliza mikono ikiendelea na karanga.

"Kwa hiyo ni yule marehemu," akasema nilipofika mwisho.

"Inaelekea ni yeye, mama. Damu yake hatukuipata, lakini hakuna njia nyingine inayoonekana."

"Na alikuwa anatupiga wote wawili."

"Wote wawili," Bi Mwajuma akaitikia.

Kuku wakapita. Bi Tatu akapuliza maganda kiganjani. "Mimi nilikuwekea dawa mlangoni, Mwajuma. Chini ya jiwe."

"Niliiona. Nilikuwa nairuka."

"Na yule kuku mweusi aliyefungwa kwenye uzi?"

"Yule alikuwa wa kwangu."

"Tulimla."

Bi Mwajuma akatoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au ni nini. Alikuwa bado amesimama, kanga ameikamata kwa mikono yote miwili. Bi Tatu akausogeza ungo katikati ya mkeka.

"Kaa. Usisimame bure, hizi zinatakiwa sokoni kesho."

Akakaa. Akaanza kupukuchua, taratibu, vidole vyake vikubwa vikipasua mbili mbili. Wakaingia Kinyaturu, ambacho Bi Tatu alikuwa amekichanganya na Kigogo kwa miaka yote ile, na mwenzake akamsahihisha maneno mawili.

"Wewe za kwako ulizizika wapi?" Bi Tatu akauliza.

"Nyuma ya zizi."

"Na mimi pale pale. Upande wa minyaa."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Nilikuwa nangoja ulale."

Nikainuka nikaenda barabarani kuulizia basi la kurudi Singida. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi.